Mwanafunzi wa uchumi ashike mizani kwanza

Mhariri,

Katika gazeti lako la Jumapili iliyopita, mwandishi mmoja wa safu ya maoni alitaka shahada ya uchumi katika vyuo vyetu ing'olewe "nadharia za Wazungu". Hoja yake ni kwamba kijana anakaa miaka mitatu akikariri habari za London na Chicago, kisha anarudi kwao Kagera au Mtwara hajui hata debe la mahindi linauzwaje. Mjukuu wangu, ambaye yuko mwaka wa pili akisoma shahada hiyo hiyo, ndiye aliyenitumia makala hiyo kwa simu, akaweka na kidole gumba.

Malalamiko ya mwandishi ni ya kweli. Dawa yake ndiyo siitaki. Mimi nilisoma uchumi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia 1977 hadi 1980, na nadharia zilikuwa hizo hizo: Adam Smith asubuhi, Marx mchana, na jioni mabishano ya bwenini juu ya nani kati yao angeweza kuishi kwa posho yetu. Hazikunidhuru. Nilipokuwa afisa mipango wilayani nilizitumia mpaka nastaafu. Nikikaa na mjukuu wangu tukafungua daftari lake, michoro ni ile ile niliyoichora mimi, mstari mmoja unapanda, mwingine unashuka. Tunachotofautiana ni kwamba mimi niliingia darasani nikiwa nimeshapima kahawa ya watu, nimeshatukanwa kwenye foleni ya malipo, na nimeshajua mshahara unavyokwisha kabla ya mwezi. Yeye alitoka dawati moja akaenda dawati jingine.

Vijana wengi leo hawajui kilichokuwapo, kwa hiyo nieleze kidogo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikaa Musoma ikapitisha azimio kuhusu elimu. Pamoja na mengine, lilisema aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kisha afanye kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe chuo akiwa na barua ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Sisi tuliomaliza shule wakati huo tulinung'unika sana. Wazazi walinung'unika zaidi yetu.

Mimi kazi niliyopata ilikuwa ukarani wa mizani kwenye kituo cha kununulia kahawa, huku kwetu, mkoa ukiitwa bado Ziwa Magharibi. (Jina la Kagera lilikuja baadaye, baada ya vita na Amin.) Nitaeleza kazi ile kwa kirefu maana ndiyo hoja yangu yote.

Mkulima analeta kahawa ya maganda kwenye gunia, analining'iniza kwenye ndoano ya mizani. Sindano inasimama, tuseme, kilo 47 na ushei. Karani anatoa uzito wa gunia tupu. Anaangalia unyevu kwa kuuma punje, na akitaka anakata tena. Halafu anaandika. Pale kituoni kwetu utaratibu niliokuta ni kwamba ushei hauandikwi: ikiwa 47.2 ni 47, ikiwa 47.9 ni 47. Ukimwuliza msimamizi anasema ni kurahisisha hesabu. Mkulima mwenyewe haoni kitu, nusu kilo ni nini? Lakini kaa mezani upige hesabu. Kama kwa wastani inapotea nusu kilo kila mzani, na msimu mzima unapima mara 4,000, ni kilo 2,000. Tani mbili za kahawa ambazo zimeingia ghalani na hazipo kwenye kitabu. Zilikuwa na jina zuri, "ziada ya ghala", na ziada hiyo ilikuwa na wenyewe.

Mwaka wangu wa pili Mlimani mhadhiri alipoanza kufundisha kuhusu kipato anachopata mtu kwa kukalia mlango tu, bila kuzalisha chochote, hakuhitaji kunipa mfano. Nilikuwa naona ile sindano. Nadharia ilitoka Uingereza ya akina Ricardo, wachumi wa zamani, mfano nilikuja nao kutoka nyumbani, vikakutana. Sasa mwandishi wako anataka kuondoa upande mmoja wa mkutano huo, wakati upande ambao haupo ni ule mwingine.

Na kituo kile kilinifundisha jambo jingine ambalo kitabu kingenichukua muhula mzima. Julai 1975 baridi kali ilipiga mikahawa ya Brazil, jimbo la Paraná. Sisi hatukujua. Tulichokuja kuona ni kwamba kahawa, ambayo kila mtu aliizoea kuwa ya bei ya kujikimu, ilianza kutafutwa usiku. Mwaka 1977 bei ya New York ilipita dola 3 kwa ratili. Bei ya mkulima, ambayo Serikali ndiyo iliyokuwa ikiitangaza, nayo ilipanda, lakini haikukimbia kwa mwendo huo. Bibi mmoja aliniuliza mbele ya foleni: kama redio inasema kahawa imekuwa dhahabu, mbona wewe unanilipa kama jana? Sikuwa na jibu. Nilikwenda chuo kikuu kutafuta jibu la yule bibi, na sisemi hivyo kwa mapambo. Mtu anayeingia darasani akiwa na swali anasoma tofauti na anayeingia kwa sababu alama zake za tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati) zimempeleka huko.

Darasa letu lilijaa watu wa aina hiyo. Tulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Singida, karani wa forodha kutoka Tanga, mtu wa reli, na mmoja wa Songea aliyekuwa akitunza ghala la mahindi la shirika moja la umma. Siku moja mhadhiri, Mzungu kijana mwenye nia njema, alichora ubaoni faida za bei moja ya mahindi nchi nzima: mkulima wa Ruvuma apate sawa na wa Morogoro ingawa yuko mbali na walaji. Alichora vizuri. Yule wa Songea akanyoosha mkono akauliza matairi yako wapi kwenye mchoro. Tukacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba wakulima kwao waliitikia bei ile, wakalima, mahindi yakaja mpaka yakajaa ghala na kulala nje, malori yakawa hayana matairi, na mvua za Desemba zikayakuta pale pale. Gharama ya usafiri ambayo bei ilikuwa imeificha ilijitokeza kama mahindi yaliyooza. Mhadhiri alifuta mchoro, akauchora upya akiwa na mstari wa usafirishaji. Kipindi kile kilichukua saa mbili badala ya moja na hakuna aliyetoka.

Au chukua mwisho wa 1979. Tulikuwa mwaka wa tatu. Edwin Mtei, waziri wa fedha, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Siku ya mwaka mpya wa 1980 Mwalimu akawauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia. Chuo kizima kikawa uwanja wa mabishano: shilingi ishushwe thamani au isishushwe? Wasomaji wa vitabu peke yake walikuwa na jibu tayari, la kulia au la kushoto. Karani wa forodha wa Tanga alisema, shilingi imeshashuka zamani, imebaki kutangazwa. Alikuwa ameona bidhaa za magendo zikipita na bei zake, akajua dola inauzwa kiasi gani mtaani na kiasi gani kwenye karatasi za Serikali. Haikutangazwa kwa kiwango hicho mpaka 1986 Serikali ya Mzee Mwinyi ilipokubaliana na IMF. Mwanzoni mwa mwaka huo dola ilikuwa shilingi 17 hivi, mwisho wa mwaka ikawa imepita 50. Wachumi wa Mlimani waligawanyika vibaya katika miaka hiyo ya katikati, na kila upande ulikuwa na vitabu vyake. Mimi bado namkumbuka karani.

(Kabla sijaendelea: Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi, na mamia wakarudishwa makwao. Watu husema zilikuwa siasa za ujana. Wengi wetu tulikuwa tumeshalipwa mshahara wa karani, tukajua nyongeza ile ni mishahara ya makarani wangapi. Mimi nilikuwa wapi siku hiyo, hilo halihusu barua hii.)

Sasa nije kwa mjukuu wangu, ambaye amekubali niandike habari zake mradi nisimtaje. Ni kijana mwerevu kuliko nilivyokuwa mimi. Hesabu anazipenda. Programu ya takwimu ya Stata anaichezea kama wenzake wanavyocheza magemu. Likizo iliyopita alikuja hapa Muleba, jioni moja tukiwa tumekaa akaanza kunieleza soko la ahadi la Chicago: jinsi tangu 1848 wafanyabiashara wa nafaka walivyoanza kukutana kwenye bodi yao, na hatimaye watu wakawa wanauziana ngano ambayo haijavunwa, kila mmoja akijikinga na bei ya kesho. Alieleza vizuri, nikafurahi. Nikamwuliza, na butura?

Msomaji wa mbali asiyeijua butura: mkulima wa kahawa anapatwa na shida Januari, ada ya shule au msiba, kahawa yake bado changa mtini. Anakwenda kwa mwenye fedha anamwuzia kahawa ikiwa juu ya mti, kwa bei ya shida. Mavuno yakifika, mwenye fedha anakuja na magunia yake. Ndugu zetu wa korosho huko kusini wana kangomba, ambayo ni binamu yake. Serikali imekataza, viongozi wanakemea kila msimu, na kila msimu butura ipo.

Mjukuu alikuwa akilisikia neno hilo tangu utotoni lakini hakuwahi kudhani linahusiana na anachosoma. Nikampa hesabu: tuseme mtu kapewa 50,000 Januari kwa kahawa ambayo Julai itauzwa 120,000. Riba ni ngapi? Hakuchukua dakika. Asilimia 140 kwa miezi sita, akasema, na ukiizungusha mwaka mzima inapita asilimia 470. Halafu akatoa hukumu: babu, huyo mkulima hana akili.

Hapo ndipo nilipojua pa kuandikia barua hii.

Mkulima huyo ana akili timamu. Mtoto amerudishwa nyumbani Jumatatu kwa ada. Benki ya mjini inataka hati, na kibanja, yaani shamba, ni cha ukoo, hati hakina, na hata kingekuwa nacho hakuna benki itakayothubutu kuuza kibanja chenye makaburi ya babu za watu. Chama cha kuweka na kukopa kina fedha, lakini zote ziko mikononi mwa waliotangulia kukopa Desemba. Anayebaki ni mtu mmoja anayemjua, anayejua kibanja chake kina mikahawa mingapi, anayejua kwamba hatakimbia. Mtu huyo anauza ujuzi huo kwa bei anayotaka, maana hana mshindani. Kumkamata ni rahisi. Kuweka mwingine mahali pake Januari, ndiyo kazi.

Na ajabu ni hii, mwandishi wako asome vizuri. Nadharia inayoeleza kwa nini benki inamkwepa mtu asiyemjua, hata kama mtu huyo yuko tayari kulipa riba kubwa, ni ya Wazungu hao hao. Mmojawao ni Joseph Stiglitz, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili kwa kazi juu ya masoko ambamo upande mmoja unajua usichojua wa pili. Mtu huyo alikaa Nairobi kuanzia 1969 akiwa kijana, na mwenyewe ameeleza kwamba aliyoyaona Kenya yalimsukuma kufikiri hivyo. Michael Kremer, aliyeipata tuzo hiyo mwaka 2019 pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee, alifundisha shule magharibi mwa Kenya kabla hajawa profesa, na majaribio yaliyompa jina aliyafanya kwenye shule za Busia. Yaani mgeni alikuja akaangalia maisha ya huku, akaenda nayo kwao, yakarudi kwetu yakiwa kitabu cha dola mia, na sisi tunakikariri au tunataka kukichoma. Mtoto wa Muleba aliyezaliwa ndani ya jambo lenyewe hakuonyeshwa kwamba anaweza kuliangalia.

Mfano mwingine mdogo, kisha nimwache kijana apumzike. Alilalamika kwamba bumu halitoshi. Posho hiyo ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, nyongeza ya karibu asilimia 18, na bado wanafunzi wanalia. Nikamwuliza bei ya chakula imepandaje hapo chuoni. Akasema haijapanda, sahani ya wali maharage ni ile ile ya mwaka jana. Basi nikampeleka sokoni kwa mama anayeuza nyanya kwa mafungu. Fungu ni 1,000, na mwaka jana lilikuwa 1,000. Nikamwambia amwulize mama fungu la mwaka jana lilikuwa na nyanya ngapi. Sita. Leo ziko nne. Mjukuu alisimama pale akahesabu kichwani, nyanya moja imepanda kwa asilimia 50 na hakuna bei iliyobadilika. Yule mama akamwambia, mwanangu, mteja nikimwongezea bei anaondoka, nikimpunguzia nyanya ananuna tu. Kijana akaandika maneno hayo kwenye simu yake. Nadhani aliporudi chuoni alikitazama kijiko cha mama ntilie kwa jicho jingine.

Wanaojua kazi ya kukusanya bei huenda sokoni na mizani kwa sababu hiyo hiyo. Fungu, kisado, kopo, lumbesa, mkungu wa ndizi unaouzwa kwa macho: bei ya nchi hii imefichwa ndani ya vipimo. Lumbesa ni kinyume cha fungu. Shambani mkulima anauza "gunia" kwa bei iliyotangazwa, lakini gunia limeshonewa kofia mpaka linabeba kilo 130. Sheria ya vipimo inakataza, na bado magunia hayo yapo kila barabara inayotoka shambani. Mwanafunzi asiyejua hili anachukua jedwali la bei, analiingiza kwenye kompyuta, anapata matokeo yenye nyota tatu za uhakika, na matokeo hayo ni uongo uliopigwa pasi.

Nitaambiwa: mzee, wanafunzi wanakwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Najua. Mjukuu wangu alikwenda fildi mwaka jana, wiki chache baada ya mwaka wa kwanza, katika ofisi moja ya umma ambayo nayo sitaitaja. Alipangiwa meza ya mapokezi. Alitoa fotokopi, akapokea barua, akaenda kununua vitafunwa vya kikao. Daftari la kumbukumbu, ambalo linatakiwa kuandikwa kila siku na kusainiwa kila wiki, lilisainiwa lote siku ya mwisho, kwa kalamu moja, msimamizi akiwa amesimama na funguo za gari mkononi. Msimamizi kutoka chuoni alifika mara moja akakuta kijana katumwa. Nimeliona daftari. Sahihi zote zinafanana kama mihuri. Fedha ya mafunzo hayo imelipwa na Bodi ya Mikopo, na kijana atadaiwa.

Sasa nasema ninachotaka. Wakuu wa idara za uchumi, Mlimani, Dodoma, Mzumbe na kwingineko, warudishe ule mfupa wa Azimio la Musoma kwa wanafunzi wao peke yao. Kijana akipata nafasi ya kusoma uchumi, afanye kwanza kazi mwaka mmoja mahali ambapo vitu vinapimwa, vinauzwa na vinalipwa, ndipo aingie darasani. Ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Soko la samaki. Mpakani Mutukula au Rusumo, dirisha la forodha. Kituo cha wakala wa hifadhi ya chakula wakati wa ununuzi wa mahindi. Duka la jumla, kama mwenyewe anakubali. Siyo ofisi yenye mapokezi.

Sisahau kwamba azimio lile lilikuwa na ubaya wake, na wenzangu wa rika langu wasinirushie mawe. Barua ya tawi la chama ilimpa mwenyekiti nguvu ya kumnyima chuo mtoto wa mtu aliyegombana naye mpaka wa shamba. Wasichana walipungua chuoni, maana wengi waliolewa au waliozeshwa katika miaka ile ya kusubiri, ikabidi waruhusiwe kupita moja kwa moja. Waliotaka kusoma sayansi walirudi wakiwa wamesahau hesabu. Haya yote ndiyo yaliyoliua, na lilistahili kufa kwa umbo lile. Barua ya chama isirudi kamwe. Binti asicheleweshwe: apewe nafasi yake ya chuo kwa maandishi kabla hajaenda kazini, iwe inamsubiri. Na hesabu hazisahauliki kwa mtu anayepima magunia kutwa.

Kama mwaka mzima unaonekana mwingi, angalieni kalenda. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Waliochaguliwa wanakwenda JKT. Vyuo vinafungua Oktoba au Novemba. Na wale walioko vyuoni tayari wana likizo ndefu kuanzia Julai au Agosti. Kahawa yetu inavunwa miezi hiyo hiyo. Pamba ya Shinyanga na Simiyu inapimwa miezi hiyo. Mahindi ya Rukwa na Ruvuma yanaingia ghalani. Msimu wa mazao na likizo ya chuo vimepangana vyenyewe, bila kamati, halafu tunawapeleka vijana kutoa fotokopi mjini.

Fedha? Ya fildi ipo tayari, inalipwa kila mwaka. Kijijini itafika mbali zaidi kuliko Dar es Salaam, ambako nusu yake inaishia kwenye daladala na chumba. Vyama vya msingi vinahitaji watu wa kuandika vitabu. Mkaguzi akija, hoja ya kwanza huwa ni vitabu. Wapo watakaosema mwanafunzi wa miaka ishirini atatishwa na wenye ghala au ataingizwa kwenye mchezo wa ushei. Wengine wataingizwa, sibishi. Lakini aliyekuwa ndani ya mchezo anajua maswali ya kuuliza siku akiwa mkaguzi, afisa wa benki au mbunge. Na msimamizi wa chuo asije kusaini. Aje na mizani yake, apime gunia moja ambalo mwanafunzi ameshalipima.

Ripoti nayo ibadilike. Badala ya kurasa arobaini zinazoanza na historia ya ofisi na muundo wa uongozi wake, mwanafunzi aandike swali moja alilokutana nalo ambalo hakuweza kulijibu, aonyeshe takwimu alizozikusanya kwa mkono wake, na aseme alizipimaje. Kurasa nane zinatosha. Mhadhiri wa makro au maikro achukue maswali hayo afundishie. Nadharia zitapata kazi ya kufanya, ziwe zimetoka Chicago au Ibadan.

Nimezungumza na mwenyekiti wa AMCOS ya kijiji chetu kabla ya kuandika. Yuko tayari kupokea wanafunzi wawili msimu ujao, wa kike au wa kiume. Nyuma ya ghala kuna chumba chenye vitanda na umeme. Ndizi zipo, maharage yapo, dagaa wanapatikana Jumatano na Jumamosi. Neti waje nazo. Kazi inaanza saa moja asubuhi, na mizani yetu inasoma mpaka gramu mia, kwa hiyo ushei utaandikwa. Chuo kitakachotaka kujaribu kiwasiliane na gazeti lako, Mhariri, nawe una namba yangu.

Afisa mipango mstaafu,
Muleba, Kagera.